Akteri hafi, tumekubali. Lakini hata kuumia hataki?

Mwenye mada (Ndosho, Goma)

Naleta jambo ambalo tangu Jumapili linanigombanisha na wadogo zangu nyumbani. Mimi ninasema filamu za mapigano zinazoendelea mpaka ya saba, ya nane, ya kumi, zimetuharibia akteri, yaani yule shujaa wa filamu. Wao wanasema nimezeeka. Nina miaka 41, basi mtuamulie.

Mimi nilikulia kwenye sali ya video ya mtaani, yaani ukumbi wa kuonyeshea filamu, enzi za kaseti. Mabenchi ya mbao, jenereta inanguruma nyuma ya nyumba hadi maneno husikii, unafuata midomo na ngumi. Mwenye sali alikuwa na amri moja: ikifika saa kumi na mbili jioni, sauti ya risasi inapunguzwa, wapita njia wasije wakatupa mizigo na kukimbia. Haikuwa mzaha, mnajua tulikotoka. Basi vita vyote vya Rambo tulivimaliza kwa sauti ya chini, mtu anafyatua bunduki kubwa na sisi tunasikia ta-ta-ta kama cherehani ya jirani.

Katika sali ile sheria ilijulikana: akteri hafi. Wenzetu wa Dar es Salaam wanamwita stelingi, naye pia hafi. Sheria hiyo sijawahi kuipinga. Ukimwona amefungwa kamba dakika ya ishirini, unaendelea kula karanga zako, unajua atafunguka. Ninachodai ni kidogo tu: kufa asife, lakini aumie.

Mwangalieni Rambo wa kwanza, wa mwaka 1982. Anakimbizwa porini na polisi wa mji mdogo, anaruka kutoka kwenye mwamba, matawi yanamchana, anakaa chini anajishona mkono mwenyewe kwa sindano na uzi. Filamu nzima anakufa mtu mmoja, na huyo anaanguka kutoka kwenye helikopta. Mwishoni lile dume linalia mbele ya kolonel wake, linalia kama mtoto, kwa sababu vita vilimfuata nyumbani. Nilipoirudia nikiwa mtu mzima nikaona kitu kilichonipita utotoni: hii haikuwa hata kidogo hadithi ya mtu mwenye nguvu. Kisha ikaja ya 1985, mishale inalipuka. 1988 yuko Afghanistan anagonganisha kifaru na helikopta, anatoka anatembea. 2008 ni damu tu, ukiwahesabu waliokufa wanapita mia mbili. Kutoka mmoja hadi mia mbili, na hakuna tena aliyeona kidonda cha Rambo.

Bruce Willis naye vilevile. Katika Die Hard ya 1988 yuko peku, anapita juu ya vioo vilivyovunjika, tunamkuta chooni anachomoa vipande nyayoni na damu inatiririka. Sali nzima ilikuwa inakunja vidole vya miguu. Ya nne, mwaka 2007, yuleyule anasimama juu ya mgongo wa ndege ya kivita kama mtu anayepanda chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao. Hakuna aliyekunja kidole.

Familia ya Fast and Furious, zile filamu za magari, siigusi. Hao nawaachia nyinyi.

Dada wa Kadutu (Bukavu)

Yaya, mkubwa wangu, kwanza nikusahihishe, maana unahukumu watu bila faili kamili. Rambo wa tatu ana kidonda! Kimemtoboa ubavuni, anamimina baruti ndani, anawasha, moto unatokea upande wa pili. Nilikuwa mdogo, nilijificha nyuma ya kanga ya mama. Kwa hiyo useme kwamba chumvi ilizidi, usiseme kwamba kidonda hakikuwepo.

Na hapo kwenye chumvi ndipo tunapoachana. Wewe hukusimuliwa hadithi utotoni? Msimulizi akianza, tunaitikia wenyewe: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo tumeualika! Sungura amemdanganya simba mara mia moja na hakuna aliyemwambia bibi, "Bibi, hii ni sehemu ya tisini, simba angekuwa amejifunza." Tulitaka amdanganye tena, kwa namna mpya, kubwa zaidi ya jana.

Mimi natoka kazini nimechoka, nimepanda mlima wa Kadutu kwa miguu. Sitaki kumwona mtu anachomoa vioo nyayoni, miguu yangu inatosha. Nataka gari liruke kutoka ghorofa moja kwenda nyingine kule Abu Dhabi, halafu kabla sijafunga mdomo liruke tena kwenye la tatu. Ile Fast and Furious ya saba, ya 2015, ilivuka dola bilioni moja na nusu duniani. Wote hao ni wajinga?

Tena wenyewe wanajua wanachofanya. Katika ya tisa, Roman, mmoja wa kundi lao, anawauliza wenzake: tumepigwa risasi miaka yote hii, mbona sina hata mkwaruzo? Wanamcheka. Baadaye huyohuyo wanampandisha angani ndani ya Pontiac kuukuu iliyofungwa roketi. Mtu anayekukonyeza hivyo hakudanganyi, anacheza na wewe.

Mwalimu (Himbi, Goma)

Nafundisha fizikia, kwa hiyo mnajua nitakwenda wapi. Ile ya sita, ya mwaka 2013, mwishoni ndege kubwa inakimbia uwanjani ipae, magari yanaifukuza, watu wanapigana ndani na nje, na uwanja hauishi. Kuna waliokaa na saa na mwendo wa ndege wakapiga hesabu: uwanja ule ulihitaji zaidi ya kilomita 28.

Niliwapa wanafunzi wangu kama zoezi. Mmoja akainua mkono: "Mwalimu, si ni Goma mpaka Sake?" Nikamwambia ndiyo, na unapita Sake bado unakimbia.

Walicheka, nami nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekauka kidogo. Uwanja wetu ulijengwa kilomita tatu, na Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikashusha lava, ikafunika karibu theluthi yake upande wa kaskazini. Ndege zikaendelea kutumia kipande kilichobaki. Aprili 2008 ndege ya abiria ikamaliza uwanja kabla ya kupaa, ikaingia katika nyumba na maduka ya mtaa wa Birere. Mtu wa Goma haulizi mwisho wa uwanja ni nini.

Simaanishi filamu ile ifungwe. Ninasema tu kwamba utamu wa kuifukuza ndege unatoka kwenye hofu kwamba uwanja utaisha. Ukiufanya usiishe, mimi napumzika. Na mtu aliyepumzika anaanza kupiga hesabu.

Motari (Birere)

Nyinyi mnabishana bila kumtaja Tom Cruise?

Alianza Mission: Impossible 1996, mpaka ya nane ya 2025 bado anakimbia. Hiyo nayo ni miendelezo, na chumvi ipo gunia zima. Lakini 2011 alining'inia mwenyewe kwenye jengo la Burj Khalifa. Ile ya 2023 aliruka na pikipiki kwenye genge kule Norway, kweli, mwili wake, parachuti mgongoni. Mimi naendesha pikipiki kila siku juu ya mawe ya volkano na abiria wawili na debe la mafuta, najua tairi likiacha ardhi tumbo linafanya nini. Nilipoona ile nilishika benchi.

Na huyo anaumia, yaya wa Ndosho. Mwaka 2017, wakitengeneza ya sita kule London, aliruka kutoka jengo hadi jengo, kifundo cha mguu kikavunjika kwenye ukuta. Walikiacha ndani ya filamu. Unamwona anapanda, anaendelea kuchechemea, na kule si kuigiza. Kwa hiyo shida si namba ya filamu. Shida ni kompyuta.

Dada wa Kadutu (Bukavu)

Motari, hapo umepotea kidogo. Ile ya saba ninayoipenda, magari yanayoshuka kwa parachuti yalidondoshwa kweli kutoka kwenye ndege. Kompyuta ilimalizia tu.

Motari (Birere)

Dereva alikuwa ndani?

Dada wa Kadutu (Bukavu)

Aah, kwa kudondosha hapakuwa na mtu. Sawa.

Mtoto wa Walikale

Mnatafuta mbali. Nawakumbusha wote, Dada zaidi, kwamba Kivu ina akteri wake na chumvi yake kuliko Hollywood yote. Mwindo wa sisi Wanyanga. Baba yake, Shemwindo, mkuu wa Tubondo, alikataza asizaliwe mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa anatembea na kusema siku hiyohiyo. Baba anarusha mikuki, inamkosa. Anamzika akiwa hai, anatoka. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na ngoma inakwenda inaimba. Mkononi ana usinga wake tu, anashuka nao hadi kuzimu kumfuata baba, na anamrudisha. Simulizi hii ilichapishwa mwaka 1969, lakini wazee wetu walikuwa wanaiimba usiku kucha zamani, kwa ngoma na kwa vipande, leo kimoja, siku nyingine kingine. Miendelezo hiyo!

Lakini sikilizeni kinachofuata. Baada ya kushinda kila kitu, Mwindo anamuua Kirimu, joka la msituni. Kumbe Nkuba, radi, alikuwa rafiki wa damu wa joka hilo. Radi inashuka inambeba hadi angani, na huko anakaa mwaka mzima. Mvua inampiga, baridi inamtafuna, jua linamchoma, kiburi chote kinamtoka. Anarudi duniani na masharti: asiue tena mnyama.

Kwa hiyo Mwindo alifika angani kabla ya Pontiac yenu. Tofauti ni kwamba yeye huko alipigwa. Wale wa ya tisa walirudi wanacheka.

Chumvi haijawahi kuwa kosa kwetu. Ila msimulizi alikuwa anakuwekea na deni: akteri anavyopanda, ndivyo anavyodaiwa. Hawa wa sasa hawadaiwi na mtu yeyote. Hata makaburi yao yamefunguliwa: Letty wa Fast and Furious tulimzika 2009, akarudi. Han, mwenzake, tulimwona akiungua Tokyo, akarudi 2021 anakula vitafunio. Sasa mtu akifa humo ndani, nani atakaa kilioni?

Kijana wa Katindo

Wakubwa, shikamooni. Naomba niulize bila kukosa adabu: kati yenu nani amewahi kuilipia filamu hizo? Tunazipata kwenye flashi, au zile za agasobanuye kutoka ng'ambo ya mpaka, mfasiri anaongea juu ya picha kwa Kinyarwanda. Na mfasiri naye anaongeza chumvi yake! Akteri akiruka mtaro, yeye anasema ameruka Nyiragongo.

Ile ya kumi, ya 2023, iligharimu kama dola milioni 340. Pesa hiyo lazima irudi kutoka nchi nyingi zenye lugha nyingi. Utani wa Kimarekani hautafsiriki, mlipuko unatafsirika. Ndiyo maana kila mwaka mlipuko unakua na maneno yanapungua. Rambo wa kwanza alihitaji mtu aelewe vita vya Vietnam. Gari angani halihitaji chochote. Hawatengenezi kwa ajili ya Goma, lakini wanatengeneza kwa ajili ya mtu asiyesikia maneno kwa sababu ya jenereta. Ndiyo wewe, yaya, kwa maneno yako mwenyewe.

Mwenye mada (Ndosho, Goma)

Kijana, hiyo ya jenereta imenikaa. Marahaba.

Baruti ya Rambo wa tatu naikubali, Dada, nilikosea. Nafikiri niliifuta kichwani kwa sababu dakika mbili baadaye alikuwa anakimbia kama hakuna kilichotokea. Kidonda kilikuwepo, maumivu ndiyo hayakukaa. Na kwa Motari natoa kofia: kumbe ninachokitafuta si filamu ndogo, ni mwili. Tom Cruise anaweza kufika ya kumi na tano akitaka, maadamu ninaona goti lake linagoma.

Ya Walikale ndiyo iliyonigeuza zaidi. Deni, ndilo neno nililolikosa tangu Jumapili. Na limenikumbusha kitu kinachonipinga mimi mwenyewe. Ile ya saba, Paul Walker alikufa Novemba 2013 filamu haijaisha, kwa ajali ya gari, gari halisi kwenye barabara halisi. Wakaimalizia kwa miili ya ndugu zake na kompyuta. Mwishoni magari mawili yanakwenda sambamba, njia inagawanyika, moja linapinda linaondoka. Niliiangalia kwenye sali hapa Goma, vijana wa sigara na matusi, hakuna aliyekohoa. Filamu ileile yenye ghorofa za Abu Dhabi. Kompyuta tupu, na tulilia. Sijui niiweke upande gani wa hoja yangu, labda kwa sababu tulijua kwamba huyo hatarudi katika ya nane.

Dada wa Kadutu (Bukavu)

Iweke upande wangu. Bila ghorofa za Abu Dhabi mngekuwa mmeenda kuiangalia?

Mwenye mada (Ndosho, Goma)

Tungeenda... Hapana. Vijana wasingeenda.

Basi niwape habari ya jana usiku. Umeme ulirudi saa mbili, wadogo zangu wakachomeka flashi, ya kumi hiyohiyo ya dola milioni 340. Nilikaa nyuma na sahani yangu ya sambaza, dagaa wetu wa ziwani, nikinung'unika. Kuna bomu kubwa la mviringo linabingirika mitaani Roma, nikanung'unika. Kuna gari linashuka ukuta wa bwawa la maji, likiwa wima kabisa, moto nyuma, nikasema mwalimu wa Himbi angepasuka. Ila ndani ya gari hilo Dom, akteri wao, yuko na mtoto wake mdogo. Wanafika chini, adui yuko juu anawatazama, ukuta wote wa bwawa umetegwa mabomu, baba na mtoto wamesimama pale chini, na filamu inaisha. Inaisha hivyo!

Nikauliza ya kumi na moja inatoka lini. Wadogo zangu hawajaacha kucheka mpaka asubuhi hii.