ETI "VIKIAZIMWA VITACHAKAA"! Huyu mwenye funguo za maktaba atatumaliza

Wadau, mwili unatetemeka kwa hasira. Nyote mnamjua, yule mwenye funguo. Kikao cha leo kiliitishwa kufufua maktaba, naye akasimama mbele ya watoto akasema: "Vitabu vikiazimwa vitachakaa." Vitachakaa! Kufuli lake kubwa kuliko kichwa cha mtoto wa chekechea, na vumbi la mle ndani linatosha kufinyangia chungu!

Kitabu kinachooza ni kile kisichoguswa. Kabati la kioo lililofungwa halipumui. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi, kuvu huota kwenye jalada na mgongo. Mchwa nao wanapenda giza na utulivu, na lile kabati limegusana na ukuta, rafu ya chini imelala sakafuni. Lisogezwe sentimita 5 toka ukutani, rafu ya chini ipande sentimita 10 au 15, madirisha yafunguliwe hewa ikiwa kavu. Hiyo ndiyo hifadhi. Ranganathan, mkutubi wa India, aliandika kanuni zake 5 za maktaba mwaka 1931, na ya kwanza kabisa ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Ya kwanza! Halafu mtu mzima anasimama, watoto wanamtazama: "vitachakaa".

Jicho la Rafu: Na saa je? Anafungua wanafunzi wakiwa darasani, anafunga wakitoka. Hata mkijaza vitabu 10,000, watakaobaki mle ni popo. Fungueni alasiri hadi jioni, na Jumamosi. Hapo anahitajika mtu wa zamu tu.

Mbishi: Mleta mada, kikaoni ulinyamaza, huku ndiko unapiga kelele. Ungemuuliza palepale utaratibu wa kuazima ukoje. Kila kitabu kipewe namba kwenye daftari la mapokezi, kigongwe muhuri ukurasa wa jina na mwingine wa ndani, kibandikwe mfuko wa kadi. Kikiazimwa, kadi inabaki kwenye kisanduku mezani, imepangwa kwa tarehe ya kurudisha. Bila hivyo hata mimi ningefunga.

Mleta mada: Mkuu, daftari lipo! Kalifungia kabatini pamoja na vitabu! Ndiyo maana neno "vitachakaa" limenichoma.

Kadi Nyekundu: Kwangu mbaya zaidi ni faini. Mtoto akichelewa, deni linakua, anaogopa, harudi yeye wala kitabu. Futeni faini, mzuieni tu kuazima kingine mpaka cha kwanza kirudi.

Gundi Nyeupe: Afadhali faini. Wabandika selotepu je? Ikizeeka, gundi yake inazama kwenye karatasi, inaacha doa la njano, na ukiivuta inatoka na maandishi. Ukurasa uliochanika unataka karatasi nyembamba ya nyuzi ndefu na gundi ya wanga wa ngano, kisha uzito juu mpaka ikauke.

Jicho la Rafu: Kabla ya kutengeneza, chagueni kinachostahili. Maboksi ya msaada yamejaa miongozo ya programu za kompyuta zilizokufa na ramani zenye Umoja wa Kisovieti, uliovunjika 1991! Toeni. Rafu ijae robo tatu. Ikishindiliwa, msomaji anavuta kitabu kwa kichwa cha mgongo na mgongo unachanika.

Mbishi: Na wanaopanga kwa rangi ya jalada? Mfumo wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba za mada, upo tangu 1876: tiba 610, kilimo 630, fasihi ya Kiswahili 896.392. Mkulima atatafutaje kitabu cha mbegu kwenye "vya kijani"?

Gundi Nyeupe: 896.392 haienei kwenye mgongo mwembamba. Maktaba ndogo ikate, ibaki 896.

Mbishi: Ukikata, unachanganya Kiswahili na fasihi za lugha nyingine za Afrika. Hapana.

Gundi Nyeupe: Basi mistari miwili, 896 juu, .392 chini.

Kadi Nyekundu: Mitatu. Herufi za jina la mwandishi umeziweka wapi?