Tupeane uzoefu: pikipiki yako inalala wapi, na umeifunga vipi?

Mwenye mada, Fuoni
Asalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Leo naomba tuzungumzie wizi wa pikipiki unaotokea nyumbani, usiku, wenyewe tumelala. Chombo hiki ndicho kinachopeleka watoto skuli asubuhi na kuleta unga jioni. Kikiondoka, nyumba nzima inayumba.

Ninachokiamini ni kwamba kufuli halimzuii mwizi, linamchelewesha tu. Basi kazi yetu ni kumfanya achelewe pahala ambapo atasikika.

Naanza na kwangu. Loki ya usukani siihesabu kabisa, maana mtu akiupindua usukani kwa nguvu kile kipini cha ndani kinakatika, na pikipiki inasukumwa kimya kimya mpaka barabarani. Nimechimba shimo uani, chini ya dirisha la chumba ninacholala, kina cha futi moja na nusu. Fundi akanipindia nondo ya milimita 16 mfano wa herufi U, miguu yake ikakunjwa nje ili isichomoke, tukamwaga zege la kokoto. Liacheni likae wiki nzima huku mnalimwagilia maji kabla hamjafunga kitu. Mnyororo upite kwenye hiyo U na kwenye fremu ya pikipiki. Ukifunga gurudumu peke yake, mwizi analifungua kwa spana, anakuachia gurudumu na mnyororo wako. Tena mnyororo usilale chini, kwa sababu ukigusa sakafu anapata pa kuuwekea tindo na kuupiga nyundo. Wangu nimeuvisha tyubu kuukuu ya baiskeli, hauchubui rangi.

Jang'ombe
Waalaykum salaam kaka. Mtaani kwetu walikuja Ramadhani, wakati wa tarawehe. Wanaume msikitini, sisi ndani na watoto, uchochoro mtupu. Vespa ya jirani ilikuwa barazani, ikaondoka hivyo hivyo, hakuna aliyesikia kitu. Tangu hapo tumepangana: kila usiku wa tarawehe wanabaki vijana wawili barazani, wenzao wakirudi nao wanakwenda kusali. Na masika nayo tuyaangalie. Mvua ikipiga mabati husikii hata mlango ukivunjwa, kwa hiyo siku hizo yangu naiingiza ukumbini.

Mwenye mada, Fuoni
Ukumbini sawa dada, ila jiko la gesi liko wapi? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Funga koki ya mafuta, angalia chini ya kabureta kama kuna tone, na pikipiki isizibe mlango. Pakitokea jambo usiku mtoke vipi na watoto?

Jang'ombe
Jiko liko uani, mbali. Koki nitaanza kuifunga leo, ahsante.

Wete
Koki ni ya usalama wa moto, mtu asiitegemee kwa mwizi. Mafuta yaliyobaki kwenye kabureta yanamtoa mtaani kwako kabla injini haijazima. Sisi huku wakati wa kuchuma karafuu nyumba nyingi hubaki na wazee na watoto, wengine wote mashambani. Honda yangu ikibaki nyumbani nachomoa plagi naondoka nayo mfukoni, tundu naliziba kwa kitambaa safi usiingie mchanga. Tena ina swichi ya siri inayokata umeme wa koili, ile inayoipa plagi cheche. Mtu akiunga waya za ufunguo starta itazunguka mpaka betri ichoke, moto hauji. Ila ndugu zangu, swichi hiyo mpe fundi unayemjua kwao, maana na yeye anajua ilipo.

Michenzani
Sie tunaokaa juu ghorofani hatuna ua wala pa kuchimba shimo. Tumechangishana wenye pikipiki, tumeweka chini, ukutani, chuma kimoja na taa, na zote zinafungwa pamoja. Ukitaka kuiba moja uzishughulikie zote. Shida yetu kubwa ni kutu. Hewa ya chumvi inakula kufuli za bei rahisi, asubuhi ufunguo haugeuki na watu wana haraka. Nunueni za shaba, na mara kwa mara tieni mafuta ya cherehani.

Kiembesamaki
Mimi nina kifaa cha jipiesi chenye laini ya simu, kinanionyesha pikipiki ilipo. Kinasaidia, lakini laini isipokuwa na salio hakisemi kitu, na pikipiki ikikaa muda bila kuwashwa kinamaliza betri. Kikikuonyesha ilipo usiende peke yako, nenda na polisi. Pikipiki inanunuliwa nyingine.

Mkoani
Wanangu, mimi nawaomba jambo moja ambalo vijana mnalipuuza. Pleti inabadilishwa kwa bisibisi. Kinachoithibitisha kuwa ni yako ni namba ya injini na namba ya chesisi. Ya injini iko kwenye ubavu wa injini karibu na chini, ya chesisi kwa pikipiki nyingi imegongwa shingoni pa usukani. Zipigeni picha pamoja na kadi, na picha zikae kwenye simu ya mtu mwengine pia. Ikiibiwa, usisubiri kupambazuke: kituo cha polisi, sheha (kiongozi wa mtaa wako), na vijana wa bodaboda usiku huo huo. Visiwa vyetu vina bandari bubu nyingi, na chombo kikishapakiwa kwenye mashua kukipata ni taabu.

Michenzani
Mzee wangu, nimeshuka sasa hivi kuangalia. Shingoni pamejaa matope na rangi, namba haisomeki. Nipige msasa?

Mkoani
Usithubutu, utaifuta na utaonekana wewe ndiye mwizi. Chukua mswaki mkuukuu na mafuta ya taa kidogo, sugua taratibu, kisha ipige picha mchana, jua likiwa ubavuni, mistari itaonekana.