Waraka ukifika kwa mtu wa tatu unalala. Naombeni ushauri wa kupanga idhini

mratibu_mchovu
Wakuu, habari. Ninaratibu mradi, na nyaraka zetu zote zinapita kwenye programu ya pamoja. Waraka unatoka kwa mwandishi, unakwenda kwa mhandisi, fedha, mwanasheria, kisha meneja, mmoja baada ya mwingine. Kwenye mchoro inapendeza. Sasa mwanasheria akienda likizo, kazi imesimama. Juzi mpango kazi ulikaa siku 11 kwa mtu mmoja, kila mtu akidhani uko kwa mwenzake.

Kilichoniuma zaidi: meneja aliidhinisha, alama ya kijani ikatokea, halafu mhandisi akafungua faili lile lile "kurekebisha herufi". Humo humo akabadilisha idadi ya pampu kutoka 4 kuwa 6. Kijani kikabaki pale pale! Tumeagiza pampu kwa waraka ambao hakuna aliyeupitisha. Niongeze hatua nyingine ya ukaguzi?

kalamu_nyekundu
Usiongeze. Kila hatua mpya ni kitanda kingine cha waraka kulalia. Kwanza jiulize, fedha na mwanasheria wanasubiriana nini? Kama hakuna anayehitaji maoni ya mwenzake, wapelekee kwa wakati mmoja. Ila angalia mpangilio: ukichagua "wa kwanza kujibu", fedha akibonyeza Kubali mfumo unasonga mbele, mwanasheria hata hajafungua. Chagua wote wajibu.

simu_kwanza
Siku 11 na hakuna aliyempigia simu? Hiyo si shida ya programu, mkuu.

mratibu_mchovu
@simu_kwanza nilipiga. Ilikuwa imezimwa. Likizo.

mtunza_majalada
Nirudi kwenye pampu, maana hapo ndipo penye hatari. Idhini hutolewa kwa toleo, si kwa jina la faili. Kwenye SharePoint (programu ya Microsoft ya kutunza nyaraka za pamoja), kwa mfano, unaweza kuwasha uidhinishaji wa maudhui pamoja na matoleo madogo. Rasimu zinahesabiwa 0.1, 0.2, na ikipitishwa inakuwa 1.0. Mhandisi akigusa baada ya hapo inazaliwa 1.1, ambayo ni rasimu tena, na ukipanga hivyo wasomaji wa kawaida wanaendelea kuiona 1.0.

Kama programu yenu haina kitu hicho, ondoa haki ya kuhariri mara waraka unapoingia kwenye idhini, na kilichopitishwa kitolewe kama PDF. Anayeagiza vifaa asome hiyo PDF tu. Na mkaguzi akija na ISO 9001:2015 mkononi (kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora), kifungu 7.5 kinagusa yote mawili: nyaraka kupitiwa na kuidhinishwa, na mabadiliko yake kudhibitiwa.

kaimu_wa_kudumu
Kuhusu likizo: usimtaje mtu kwenye mfumo, taja nafasi. Tengeneza kundi la "Sheria" lenye mwanasheria na kaimu wake, hapo akijibu mmoja inatosha. Siku ya 2 kikumbusho, siku ya 4 ombi lipande kwa msimamizi wao.

Wanaotumia Power Automate (programu ya Microsoft ya kuendesha hatua za kazi zenyewe) wakumbuke kwamba mzunguko mmoja hauishi zaidi ya siku 30. Ombi lisilojibiwa hadi hapo linakatika. Mtu anarudi likizo, anabonyeza Kubali, na nyuma yake hakuna kinachoendelea.

Halafu kuna mtego mwingine ulionitesa mimi. Nilitengeneza mtiririko unaoanza kila faili linapobadilishwa, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kuandika "Imepitishwa" kwenye faili hilo hilo. Ukawa unajiamsha wenyewe. Meneja alipata maombi mfululizo ya waraka aliokwisha kuupitisha, mpaka nikauzima. Weka sharti: uanze tu kama hali ni "Tayari kwa idhini".

mratibu_mchovu
Nimewaelewa. Fedha na sheria nawaweka pamoja, majina nayatoa, na kuhariri nafunga kuanzia kesho. Moja limebaki: mwanasheria akikataa, waraka unaanza upya kwa wote?

kalamu_nyekundu
Unarudi kwa mwandishi, na sababu iwe lazima kuandikwa, maana "Imekataliwa" tupu haimsaidii mtu. Ukirudi, walioguswa na marekebisho ndio wajibu tena. Kipengele cha dhamana kikibadilika, mhandisi hana la kusoma. Namba yoyote ikibadilika, wote.

mratibu_mchovu
Namba ya pampu ikiwemo 😅