Gumzo la kikundi cha familia: Maji moto

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Tumeshafika kwenye bustani ya miti 🌳

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Macho juu, hondohondo hapendi kelele.

Zuhura: Kelele tena? Kassimu ameshapiga mayowe 🙈
[picha]

Kassimu: Niliona majani yameshikana kama mpira, nikajua kiota cha ndege. Nikavuta tawi nichungulie. Mkono unawakaaa!!

Babu: 😂😂 Hao ni chungu, wale wanaoitwa maji moto. Umeingia kwa watu bila hodi.

Mjomba Seif: Jina lenyewe onyo. Anang'ata, halafu anapinda tumbo na kunyunyiza asidi palepale kwenye jeraha. Osha kwa maji na sabuni, usikune.

Shangazi Mwana: Zuhura, mtoe mwenzio hapo!

Zuhura: Ameshatoka. Mimi ndiyo sitoki, tazameni hii.
[video]
Tawi la pili wanaanza nyumba mpya. Majani mawili yameachana, chungu mmoja hafiki ng'ambo. Basi huyu kakamatwa kiuno na mwenzake, naye kakamatwa na mwingine, mpaka mnyororo umevuka. Sasa wanavuta wote kwa kurudi nyuma, na jani linakuja!

Shangazi Mwana: Makubwa haya.

Kassimu: Na wale waliobeba vitu vyeupe? Wanahamisha mayai?

Mjomba Seif: Si mayai, ni mabuu, watoto wao. Angalia anavyomgusisha mtoto jani hili, kisha lile. Kila akigusa, mtoto anatoa uzi wa hariri mdomoni. Hiyo ndiyo gundi ya nyumba nzima.

Shangazi Mwana: Yaani mtoto ndiye sindano, ndiye uzi?

Mjomba Seif: Tena hariri hiyo ndiyo angejifumia kifukofuko chake. Inaishia kwenye nyumba, yeye anakua hivyohivyo, uchi.

Shangazi Mwana: Mama yao ningemshitaki 😤

Babu: Hondohondo je?

Zuhura: Amepita juu yetu Babu, mabawa fuu fuu fuu. Mpaka tunainua vichwa, keshapotea.

Babu: Mmeondoka alfajiri na darubini yangu, mkakodolee chungu!

Kassimu: Darubini inafanya kazi Babu. Tumeigeuza: jicho unaweka kwenye kioo kikubwa, kile kidogo unakisogeza mpaka karibu kabisa na mdudu. Anaonekana mkuubwa!

Zuhura: Ndiyo tumemwona huyu. Rangi ni yao, kiuno chao, ila wenzake wakisogea anakimbia.
[picha]
Hesabuni miguu.

Shangazi Mwana: Sita. Ngoja. Nane??

Mjomba Seif: Mnajua mmepata nini? Buibui huyo! Wale warukaji, anajifanya chungu. Miwili ya mbele anaipunga hewani ionekane vipapasio.

Kassimu: Kumbe siye peke yangu niliyeingia bila hodi 😅

Babu: Hiyo picha ina ukungu. Pigeni nyingine, karibu zaidi. Hondohondo asubiri.