Maduka ya vyombo vya muziki Arusha na Moshi, kwa nini hamtaki tujaribu pedali kabla ya kulipa?

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu usipelekwe jukwaa la burudani. Ninachozungumzia hapa ni pesa za watu na mali feki.

Nimechoshwa na sentensi moja: "Ukifungua boksi umenunua." Ingia duka la vyombo vya muziki mjini Arusha, au shuka Moshi, hali ni ileile. Pedali, vile viboksi vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, zimepangwa ndani ya kabati la kioo. Ukiuliza bei unatajiwa haraka sana. Ukiomba uchomeke gitaa lako usikie, sura inabadilika. Kujaribu hakuna, waya hakuna, amplifaya ya kujaribia "imefungwa stoo". Unatakiwa utoe laki mbili na ushee kwa kuangalia rangi ya boksi.

Sasa niambieni, kuna duka gani la mtaani linalokuuzia balbu ya elfu mbili bila kuiwasha kwanza? Hata mama mwenye kibanda cha vitu vya umeme pale Mbuyuni anachukua balbu, anaichomeka, inawaka mbele ya macho yako, ndipo unalipa. Redio inawashwa. Simu ya mtumba inawashwa, unapiga, unasikiliza spika. Kwa nini kifaa ambacho kazi yake yote ni sauti ndicho kiuzwe kikiwa kimya?

Tena pedali za disto na ovadraivu, zile za kuipa sauti mkwaruzo, ndizo ambazo huwezi kabisa kuzijua kwa macho. Kwa nje zinafanana: nobu tatu, swichi ya kukanyagia, tundu mbili za jeki. Ndani ni mambo tofauti. Chukua Boss DS-1 iliyotoka 1978 na Ibanez TS9 iliyotoka 1982, zote za Kijapani. Kwenye TS9 dayodi, vile vipande vidogo vinavyokata mawimbi ya sauti ili ikwaruze, zimewekwa ndani ya mzunguko wa IC yenyewe (chipu inayokuza sauti), kwa hiyo mkwaruzo unakuja taratibu kulingana na mkono wako. Ukipiga kwa upole inatulia, ukikaza inanguruma. Kwenye DS-1 dayodi ziko baada ya IC, zinakwenda moja kwa moja kwenye hasi, kwa hiyo wimbi linakatwa kwa ghafla na sauti inakuwa kali, yenye meno. Mpiga solo anayetaka kubembeleza pambio na yule anayetaka kupasua hawawezi kuuziwa boksi moja. Utajuaje ipi ni yako bila kuchomeka?

Haya, yaliyotupata. Mimi napiga besi na ndiye ninayesimamia vyombo kwenye kwaya yetu hapa Moshi. Kuna watakaosema kwaya haihitaji disto. Sebene inapigwa safi, nalijua hilo vizuri kuliko wengi. Lakini vijana wanaleta nyimbo ambazo gitaa likiwa safi mwanzo hadi mwisho linakosa nguvu, na mwalimu wetu wa kwaya alikubali tununue pedali mbili, moja ya solo na moja ya besi. Pesa ilitoka kwenye michango. Akina mama wa kwaya waliuza chapati na maandazi baada ya ibada hadi ikatimia. Hizo ndizo pesa zilizokwenda Arusha.

Nilibeba besi yangu mgongoni kutoka Moshi. Kilomita themanini kwenye Coaster na besi mapajani, kwa sababu nilitaka kusikia ninachonunua. Dukani nikaambiwa nisifungue hata begi. Nikamweleza muuzaji waziwazi: hii ya pili ni ya besi, nyuzi tano, tunapigia kanisani. Akanitolea ovadraivu ya kijani, akasema, "Hii kaka ni ya gitaa na besi, zote inapiga." Nikamwomba dakika mbili tu za kuchomeka. Jibu mnalijua.

Wapiga besi wenzangu mshajua kilichofuata. Ile pedali imejengwa kwa mtindo wa TS, yaani wa ile TS9 niliyoitaja, na mtindo huo unasukuma masafa ya kati, kule karibu na Hz 720 (mitetemo 720 kwa sekunde). Sauti za chini hazipati nguvu ile, zinaachwa nyuma. Kwenye gitaa hilo ni jambo jema, ndiyo maana solo inapenya katikati ya kinanda na ngoma. Lakini uzi wa E wa gitaa ukiwa wazi unaanzia Hz 82, wa besi Hz 41, na ule wa tano, B, Hz 31 hivi. Ukikanyaga pedali ile, kinachobaki ni mlio wa puani. Kwaya inaimba, ngoma inapiga, na chini hakuna kitu. Msingi wote wa wimbo umeondoka kwa mguu mmoja!

Na siyo kwamba ovadraivu za besi hazipo duniani. Boss walitoa ODB-3 mwaka 1994, ina nobu iliyoandikwa Balance ambayo inakuchanganyia sauti safi na ya mkwaruzo, ule uzito wa chini haupotei. Mwaka huohuo Tech 21 wa New York wakatoa SansAmp Bass Driver DI, nayo ina Blend, na ina tundu la XLR la kwenda moja kwa moja kwenye mikisa. Darkglass wa Helsinki wamejijengea jina kwa wapiga besi kwa kazi hiyohiyo. Siri ni ileile: acha sauti safi ipite pembeni, kisha changanya. Muuzaji wa vyombo vya muziki asiyejua jambo hilo aseme hajui. Kunidanganya kwamba "zote inapiga" ni kuchukua pesa ya chapati za wale mama huku akinitazama usoni.

Pedali ya solo ndiyo mbaya zaidi. Boksi lina jina la kampuni kubwa ya Japani, sitaitaja kwa sababu kampuni hiyo haina kosa lolote, mwenye kosa ni aliyeiga na aliyeuza. Ukigeuza chini, kibandiko cha namba ya utambulisho hakipo. Rafiki yangu anayepiga kwenye bendi ya hoteli Arusha ana modeli hiyohiyo, ya kwake namba ipo. Tumefungua skrubu za chini tukiwa na fundi redio wa hapa Majengo, mtu mzima aliyeanza kushika risasi na pasi ya kuchomelea kabla mimi sijazaliwa. Kaangalia bodi, kanyamaza kwanza. Risasi imerundikana, waya za ndani ni nyembamba mno, na IC imekwanguliwa maandishi isisomeke. Kasema, "Kijana wangu, mtu anayekwangua jina la IC anajua anachoficha." Tuliuziwa kwa bei ya oriji, laki mbili na themanini.

Hata hiyo feki hatukuifaidi, maana muuzaji alitupa na adapta "ya bure". Hapa nataka kila mpiga gitaa mchanga asome polepole. Pedali nyingi za aina hii, zikiwemo za Boss na Ibanez, zinatumia volti 9 za DC, na kichwa cha adapta kinakuwa hasi katikati, chanya nje. Angalia mchoro mdogo kwenye pedali: duara, nukta katikati, na alama ya kutoa imeunganishwa na ile nukta. Adapta tuliyopewa imeandikwa volti 12, chanya katikati. Ni adapta za ving'amuzi hizo! Kichwa kinaingia sawasawa, hakuna kinachokuonya. Kijana wetu wa solo alichomeka alichopewa na duka, moshi ukatoka, harufu ya kuungua ikajaa mahali pa mazoezi. Fundi ametuonyesha dayodi ya ulinzi pale umeme unapoingilia. Kazi yake ni kujitoa mhanga umeme ukiingia kinyume, nayo imepasuka, na njia ya shaba kwenye bodi imeungua pamoja nayo.

Tukarudi Arusha na kila kitu: boksi, adapta, risiti. Tumejibiwa nini? Kwamba bidhaa ikishauzwa hairudi. Kwamba sisi ndio tumeunguza, "umeme wa huko kwenu si mzuri". Nikamwekea adapta mezani na pedali kando yake, asome mwenyewe volti na ile alama. Hakutaka kusoma. Akaita mteja mwingine. Na risiti yenyewe ni ya kitabu, ya mkono, imeandikwa "vifaa vya muziki" tu, haina modeli, haina jina la pedali. Risiti ya EFD niliiomba siku ya kununua nikaambiwa mashine ina hitilafu. Sasa naelewa kwa nini maandishi yao hayataji kitu chochote kwa jina.

Najua wenye maduka watakuja hapa na utetezi wao, nimeshausikia. Eti watu wanakuja kupigia dukani mchana kutwa na hawanunui. Eti boksi likifunguliwa mteja wa pili analikataa. Sawa, hayo ya kweli yapo. Basi toeni pedali moja ya kila modeli iwe ya kujaribia, iliyobaki ikae kwenye boksi lake. Wekeni amplifaya moja ndogo, waya mbili, na betri moja ya volti 9 kaunta. Mwekeeni mteja dakika tano. Gharama yake haifiki hata bei ya pedali moja mnayotuuzia. Mnachoogopa ni kitu kingine: feki ikichomekwa inajitaja yenyewe. Inavuma kabla hujapiga uzi, nobu zinakwaruza ukizungusha, ukikanyaga swichi mlio unapasuka kwenye spika.

Na swali ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza, si Arusha si Moshi: "Unapigia kwenye nini?" Kwetu makanisani na kwenye kumbi za harusi gitaa linaingia moja kwa moja kwenye mikisa. Hakuna amplifaya ya gitaa. Spika ya gitaa ya inchi 12 kwa maumbile yake haitoi sauti za juu sana, ikifika kHz 5 (Hz 5,000) hivi inaanza kuzifuta, na pedali za disto zimetengenezwa zikitegemea hilo. Ukiipitisha disto kwenye mikisa na spika za ukumbi zenye twita (spika ndogo za sauti za juu), ukali wote unatoka, ni kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji. Waumini wanaziba masikio, fundi mitambo anashusha sauti ya gitaa, kijana anaonekana hajui kupiga. Nimeona vijana wazuri wakiambiwa "acha hiyo midude, inaharibu ibada" wakati kosa ni la mtu aliyewauzia pedali bila kuwaambia kwamba wanahitaji na kifaa cha kuiga spika, au wapunguze nobu za Tone na Drive hadi chini. Hilo linaniuma kuliko ile laki mbili na themanini. Kijana akishaaibishwa mbele ya kanisa lote harudi kirahisi.

Mdau mmoja kaniambia PM niachane nayo, niagize nje. Wenye kadi na ndugu ughaibuni wanaweza. Kwaya inayochanga elfu moja moja haiwezi, na haipaswi kulazimika. Duka lipo mjini ili mtu wa Machame, wa Usa River, wa Ngaramtoni aje, aone, asikie, anunue, na kikiharibika ajue pa kurudi.

Mimi sitaishia kwenye uzi. Bidhaa bandia ni suala la Tume ya Ushindani, FCC, wao ndio wanaosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na risiti ni suala la Mamlaka ya Mapato, TRA. Pedali, adapta na ile risiti ya mkono nimeviweka kwenye mfuko mmoja pamoja na maelezo ya fundi, na mwalimu wa kwaya atanisindikiza. Jina la duka nitalitaja huko, si hapa.

Wakati huohuo, mnaokwenda kununua wiki hii: beba gitaa lako, beba waya wako mwenyewe na betri mpya ya volti 9. Betri inaanza kutumika pale tu unapochomeka jeki kwenye Input, kwa hiyo muuzaji hawezi kukwambia hakuna umeme wala adapta. Mpiga besi, kanyaga pedali ukiwa kwenye uzi wa chini kabisa, usiwashe mbwembwe kule juu. Kama uzito umepotea, toka. Soma chini ya pedali na nyuma ya adapta, vyote viwili, mbele yake. Risiti iandikwe modeli. Akikataa kimojawapo, ondoka na pesa yako, hata kama nauli ya kurudi Moshi itakuuma.

Nawaomba wadau wa Arusha, Moshi, Babati: ni duka gani linaruhusu kujaribu? Nataka kuwapeleka vijana wetu huko, kwa sababu besi bado inahitaji pedali na mchango mwingine umeshaanza. Tajeni mtaa tu kama hamtaki kutaja jina. Na mwenye ODB-3 au SansAmp ya kweli aliye karibu na Moshi, naomba nije niisikie kwenye mikisa yetu kabla hatujatoa shilingi nyingine.