Tupeane uzoefu: Safari yako ya Lushoto ilikuwaje?

Wakuu, habari zenu. Mwezi uliopita nilikwenda Lushoto, kule milima ya Usambara, na mama yangu mzazi, ana miaka 68, na tangu turudi sijaacha kuizungumzia. Mombo, chini ya milima, tulishuka jua kali. Tulipofika Soni, huko juu kwenye baridi, mama alikuwa ameshajitanda khanga ya pili.

Wengi tukifika Irente, pale ukingo wa mlima unapotazama bondeni, tunapiga picha ukingoni, jioni tunateremka. Nawaombeni msifanye hivyo. Sisi tulitembea kwa miguu kutoka mjini, kama kilomita 5, mama na fimbo yake, na kila tuliyekutana naye alisimama kumwamkia. Tukakuta ukungu umefunga, hata mti wa mbele hauonekani. Tukakaa juu ya jiwe, tukala mkate na jibini ya pale pale Irente. Baada ya saa nzima ukungu ukapasuka: chini kabisa Mazinde, mistari ya mkonge, na basi kwenye barabara kuu dogo kama siafu. Babu yangu alikata mkonge kule bondeni. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe baba alikuwa akiinua kichwa anaona hapa."

Mkonge wenyewe aliuleta Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza, iliyopona ni 62 tu. Mashamba yote yale yanatokana na miche hiyo!

Karibuni na nyie mtupe yenu.

Mjukuu wa Vuga
Asante sana kaka, mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi naomba watu wasiishie Lushoto mjini. Mji ule ni wa juzi, Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Makao ya wafalme wa Usambara yalikuwa Vuga. Bibi alitusimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu, aliyewaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mazao, na nyama akawagawia watu. Ndipo Washambaa wakampa utawala. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, alitawala kutoka hapo hapo. Msitarajie magofu kama ya Kilwa, maana nyumba zilikuwa za miti na nyasi. Mtafuteni mzee, mkae naye, mumsikilize. Kijana mmoja niliyempeleka alitaka kuondoka baada ya dakika kumi. Mwishowe tulitoka pale jua likizama.

Dada Matembezi
Msitu wa Magamba, jamani! Ila mimi nilianza vibaya. Nilimpata kijana stendi aliyejiita mwongoza watalii, akachukua hela ya kibali, na tulipofika getini hakuna kibali wala risiti. Nikalipa tena. Malipo yafanyieni ofisini, mpewe risiti mkononi. Siku ya pili nilikwenda na mwenyeji anayeujua msitu. Alinishika bega, akanionyesha tawi. Nikaangalia weee, sioni kitu. Mara tawi likatembeza jicho. Kinyonga! Juu yetu mbega wanaruka, mikia myeupe inapepea.

Mwana wa Muheza
Na Usambara ya Mashariki msiisahau. Amani ina bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani 1902, miti ya kutoka pande zote za dunia. Lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanalifuga madirishani, Saintpaulia, asili yake ni misitu hii. Nililiona limeota kwenye ufa wa mwamba karibu na maji, majani yana manyoya laini. Nililia, nisiwafiche.

Mpanda Mlima
Wenye miguu nendeni Mtae, siku tatu kupitia Lukozi, mnalala Rangwi kwa masista. Njia nzima ni mashamba ya kabichi na viazi, watoto wanawasindikiza. Mtae iko juu ya mgongo wa mlima, chini yake mbuga ya Mkomazi. Masika njia zinateleza sana. Mimi nilianguka mara nne, kifundo kikavimba. Juni hadi Agosti ni pakavu, ila usiku ni baridi hasa, bebeni sweta nzito na soksi.

Mwanzisha mada
Asanteni sana wapendwa. Nimemsomea mama yote haya, akasema turudi, safari hii tuanzie Vuga. Mjukuu wa Vuga, naomba unielekeze gari la kutoka Soni tunalipandia wapi, na mzee tumpelekee zawadi gani?

Mjukuu wa Vuga
Pale njia panda, kaka, muulize yeyote. Mzee mpelekeeni sukari na majani ya chai.