Madarasa yanalala taa zinawaka na AC zinaunguruma: mlioweza kuzuia mlianzia wapi?

Fundi_Mikanjuni:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi umeme kwenye chuo kimoja hapa Tanga. Naomba mawazo, hasa kwa wanaotunza majengo makubwa.

Jengo letu la madarasa lina ghorofa tatu. Ukipita usiku, utakuta vyumba vitupu vinang'aa na AC zimewekwa nyuzi 16. Juzi niliweka klampu mita (kipimo cha mkondo wa umeme) kwenye AC moja ya BTU 18,000: ampea 7, yaani kama kilowati 1.6 kompresa ikizunguka. Iache toka saa kumi na moja jioni hadi saa moja asubuhi, na hata kompresa ikipumzika nusu ya muda, yuniti 11 zimekwenda. Kwa wiki ni 77. Mama wa Ngamiani aliye kwenye D1, bei nafuu ya TANESCO kwa watumiaji wadogo, anajibana asivuke yuniti 75 kwa mwezi! Hilo linaniuma kweli, maana ada za watoto wa watu ndizo zinazolipa bili hiyo.

Karatasi za "Zima taa ukitoka" tumebandika mpaka zimepauka. Nyumbani LUKU ikilia kila mtu anakimbilia swichi. Chuoni anayewasha hajui hata bili inafika lini. Nianzie wapi kwa bajeti ndogo?

Bi_Chumbageni:
Pole na kazi, kaka fundi. Mimi nasimamia hosteli. Kabla hujalaumu watu, muulize mlinzi. Kwetu alikuwa anaziona taa kupitia dirishani lakini mlango umefungwa, ufunguo kaondoka nao CR, kiongozi wa darasa. Na hata angekuwa nao asingeingia, kwa sababu kikipotea kitu ndani anaulizwa yeye. Tulipohamishia swichi za taa za korido na za chumba cha kusomea pale mapokezi, mambo yalibadilika bila kugombana na mtu. Mkabidhi mlinzi jukumu hilo kwa maandishi, na mkuu wake aweke saini.

CR_mwaka_wa_pili:
Shikamooni. Naomba niseme upande wa wanafunzi. Usiku tunasoma watano huku, watatu kule, vyumba vinane vinawaka kwa watu wasiofika thelathini. Chuo kikitangaza vyumba viwili vya kusomea usiku, viwe na feni nzima na soketi zinazofanya kazi, tutakwenda wenyewe. Sasa hivi tunatawanyika kwa sababu kila chumba kina soketi moja tu nzima, na simu na laptopu zinataka chaji.

Mstaafu_Raskazoni:
Fundi, una swichi ngapi kwa chumba? Majengo mengi nimeyakuta na swichi moja inayowasha safu zote. Saa sita mchana jua la kaskazi linaingia dirishani, na tyubu za upande huo zinawaka kwa sababu tu wa nyuma anahitaji mwanga. Tenganisha safu ya dirishani. Ni kazi ya waya na swichi, haina gharama kubwa.

Halafu angalia luva. Kioo kimoja kikitoka, AC inapoza Tanga nzima. Ziba kwanza, safisha filta, weka 25, feni ya dari izunguke. Feni haifiki wati 80. Miezi ya kusi fungueni madirisha. Upepo wa bahari ni wa bure.

Jambo la mwisho, muulize mhasibu kama mko T2, kundi la bei la wateja wakubwa. Kama ndivyo, hamlipii yuniti peke yake, kuna na KVA ya juu kabisa ya mwezi, yaani kiwango kikubwa zaidi cha umeme mlichovuta kwa mpigo. AC zote zikiwashwa pamoja saa mbili asubuhi mnalipia kilele hicho hata kama mchana mnajibana. Washeni ghorofa kwa ghorofa.

Fundi_Mikanjuni:
Shikamoo mzee. Tuko T2 kweli, na hiyo ya KVA hakuna aliyewahi kuigusa kwenye kikao. Kesho naenda kwa mhasibu na bili mkononi.

Bi Chumbageni, hoja ya ufunguo ndiyo yetu hasa. Nitaweka kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme) na taima kwenye DB, boksi la kugawia umeme, ya kila ghorofa, kwa saketi za taa za madarasa na AC tu. Soketi siziingizi, projekta ikikatiwa umeme ghafla feni yake haimalizi kupoza taa. Korido na ngazi nazo naziacha, ni usalama wa watu. Tyubu zinazoungua nabadilisha kwa LED za wati 18 na kutoa choki (kidhibiti umeme cha tyubu za zamani) kabisa.

Mdogo wangu CR, soketi za chumba cha chini nazirekebisha wiki hii. Niambie: mnamaliza kusoma saa ngapi wakati wa mitihani? Sitaki taima iwazimie.

CR_mwaka_wa_pili:
Saa nane usiku, kaka. Wa uhandisi mpaka saa kumi.